Mwalimu Aliyengoja Mashine

Mimi ni fundi wa mbao. Masomo yangu yaliishia troisième primaire, mwaka wa tatu wa shule ya msingi, na sioni haya kulisema, kwa sababu watu wengi wa Kikula, huku Likasi, wanaojua kusoma walijifunza mbele ya tablo, ubao wa darasa, niliyoitengeneza mimi. Nilikata triplex, ile mbao nyembamba ya kubandikwa, nikapiga fremu, nikapaka rangi nyeusi. Yaliyobaki waliyafanya walimu. Kwa hiyo mwalimu ninayemsimulia hapa nilimjua kwa upande wa nyuma wa tablo, pale misumari inapotokea.

Jina lake siliandiki. Watoto walimwita Maître, wazazi walimwita mwalimu wa sixième, yaani mwaka wa sita, mimi nilimwita Mwalimu, naye aliniita Fundi. Tulikuwa majirani muda mrefu, mpaka mbwa wetu wakazeeka pamoja.

Siku ya kwanza alikuja kunigombeza. Nilikuwa nimepeleka tablo mpya shuleni, nimeipaka vizuri, inang'aa kama kiatu cha pasta. Akanifuata kwenye karakana.

"Fundi, ile tablo yako inangara."

"Si njo muzuri?"

"Tablo ya masomo haipaswe kungara. Mutoto wa ku dirisha anaona paka jua. Kuya, ukae pale, utaona weye mwenyewe."

Akanikalisha kwenye benchi la mtoto, mimi mwenye familia yangu, magoti yakigusa kidevu. Nikatazama. Kweli, nusu ya tablo ilikuwa jua tupu. Nilikasirika sana, kwa sababu mtu mwenye haki anakasirisha kuliko mwongo. Nikaipaka upya.

Rangi yenyewe, yeye ndiye aliyenifundisha kuichanganya. Unapasua mabetri ya radio yaliyokufa, unatoa ule weusi wa ndani, unausaga, unauponda pamoja na majani ya matembele mpaka maji yake yashike. Ukiupaka kwa kitambaa, tablo inakuwa nyeusi bila kung'aa, na kre, chaki yetu, inaandika kama kisu kwenye siagi. Kila mwanzo wa mwaka watoto waliambiwa walete mabetri. Mwaka mmoja mabetri yalikosekana, kwa sababu watu walikuwa wameanza kusikiliza muziki kwenye telefoni. Mtoto mmoja, baba yake akiwa mchimbaji, akaleta unga mweusi ndani ya mfuko. Mwalimu hakuuliza. Tukausaga, tukaupaka. Asubuhi yake yule baba akasimama mlangoni mwa darasa, akaangalia tablo nzima.

"Maître, ile ni matière yangu! Ni cobalt ile! Batu banaitafuta chini ya udongo mpaka inabaangukia, na weye umeiandika 'conjugaison' juu yake?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akamwambia, "Papa, ingia, ukae nyuma. Kama matière ni yako, masomo pia ni yako." Na yule baba akaingia kweli, na viatu vyake vya udongo, akakaa mpaka kengele. Hiyo tablo ilikuwa nzuri kuliko zote. Baadaye wengine walisema unga ule si mzuri kwa kifua cha mtoto, basi tukaukwangua, tukarudi kwenye mabetri.

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alikuwa mtu wa mkono mfupi kwa sifa. Mtoto akipata alama zote, alimwandikia "anaweza kufanya vizuri zaidi." Nilimwuliza, zaidi ya zote ni nini? Akasema, "Zaidi ya zote ni kesho." Alikuwa anachelewesha watoto kwenda nyumbani, na mama zao walimtukana wakipita, naye aliwasalimia kwa heshima kana kwamba hakusikia. Alikuwa na kiburi cha shati jeupe. Kila jioni unga wa kre ulilifanya liwe jeupe zaidi upande wa mkono wa kulia, na hakuruhusu mke wake alipige vumbi. Alitaka watu waone.

Afrika aliichora kwa mstari mmoja bila kunyanyua mkono. Anaanzia Tangier, anashuka, anazunguka, anarudi pale pale. Kisha anaweka nukta na kusema, "Likasi." Watoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wanatoroka madarasa yao kuja kuangalia dirishani.

Alikuwa na hofu moja tu, na aliisema bila kuzunguka: kwamba siku moja wakubwa wa shule watamwambia akae. Huku kwetu mwalimu hastaafu. Karatasi za retraite zinakwenda Kinshasa na hazirudi, basi mtu anafundisha mpaka miguu ikatae. Lakini si njaa tu iliyomwogopesha.

"Fundi," aliniambia, "siku bataniambia 'kaa', njo siku nitakufa. Kunizika itakuwa paka formalité."

Na kifua chake kilikuwa kinamwonya. Kre za siku hizi ni mbaya, zinatoa unga kama chokaa ya machimbo ya Kakontwe. Tangu primaire ifanywe ya bure, benchi nililolipima kwa watoto watatu linabeba watano, na wengine wako chini. Sauti inayotosha kulifikia darasa la namna hiyo si sauti ya mtu mmoja. Alikohoa saa ya kwanza, alikohoa saa ya mwisho, na katikati alipiga kelele.

Ndiyo maana alipenda mashine. Watu hawakujua hilo. Walimwona mzee wa kre, wakadhani ni adui wa vitu vipya. Mimi nilijua, kwa sababu vingi vilipita mkononi mwangu. Alipokuwa bado kijana alipanda lori mpaka Mulungwishi, kwa watu wa misheni, kuomba apige nakala za masomo yake kwenye ile mashine ya wino wa zambarau. Alirudi na karatasi zenye harufu ya pombe, watoto wakazinusa kabla ya kuzisoma. Baadaye alinitengenezesha sanduku lenye tundu. Ndani aliweka taa na kioo cha kukuzia, akaweka picha ya moyo wa mtu, na moyo ukatokea ukutani, mkubwa kama dirisha, umepinduka chini juu. Akasema, "Moyo wa mtu ndivyo ulivyo." Wakati wa ule ugonjwa wa korona, shule zilipofungwa na masomo yakawa kwenye radio, alikaa mbele ya radio yake na kumjibu mwalimu wa Kinshasa kwa sauti: "Polepole, ndugu! Nani anakukimbiza?"

Telefoni za wanafunzi alizinyang'anya bila huruma. Mchana, darasa likiisha, alimwita mwenye telefoni nyuma ya shule. Si kumpiga. "Onyesha miye, hapa banafinya wapi?"

Mimi nilikuwa simwamini mtu yeyote aletaye mashine shuleni, na hata sasa simwamini. Nimeona vitu vingi vinaletwa. Kila kimoja kinakuja na hotuba, na hakuna kilichoondoka na hotuba. Groupe ya umeme, jenereta, ilikuja, mafuta yakaisha, kuku wakataga juu yake. Kompyuta zilikuja, zikafungiwa chumbani zisiharibike, na humo humo zikaharibika. Nilimwambia Mwalimu haya. Akanijibu, "Weye uko na nyundo yako tangu zamani, juu ya ile unaona kila kitu kinapaswa kuzeeka na mwenyewe."

Basi ikaja ile kubwa, tablo ya taa. Kioo kirefu kama mlango uliolala, unakigusa kwa kidole na kinaandika. Kilitolewa na watu wa kampuni moja ya mgodi, siitaji jina. Kabla hakijafika, mwalimu wa kike kijana, sisi wote tukimwita Mamzel, alikuwa amepewa kazi ya kutayarisha masomo ya kuweka ndani yake. Mamzel alikuwa na akili na hakuwa na dharau. Alikwenda kwa Mwalimu na telefoni yake akamwomba amchukue video akifundisha, somo baada ya somo.

Mwalimu alivaa koti lake la harusi. Joto la Oktoba, na koti. Alikuja karakana kunionyesha.

"Sasa Fundi, kifua kikinifunga, mashine itasema pa fasi yangu, na miye nitasimama paka kando, nikionyesha na fimbo. Nitafundisha hata miaka kumi ingine."

Nikamwambia, "Mwalimu, ukiisha kuingia wote ndani ya kile kioo, huku nje banabakisha nini?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Banabakisha weye, utengeneze kabati yake."

Siku ya kukizindua niliitwa mimi kung'oa tablo ya zamani. Niling'oa misumari yangu mwenyewe mbele ya watu waliovaa nguo za sherehe. Kioo kikawekwa. Hotuba zikasomwa. Halafu, kwa sababu shule yetu wazazi wengi ni watu wa maombi, ikasemwa kwamba kitu kikubwa namna hii hakiwezi kuanza kazi bila kuwekwa mikononi mwa Bwana. Wakaitwa mama za maombezi. Aliyewaongoza ni mke wa Mwalimu, mama mtaratibu, nilimjua tangu ujana wake. Akatoa chupa ya mafuta ya upako kwenye mkoba. Akaweka mkono kwenye kioo, akapaka juu, akapaka chini, akapaka pembe zote nne, huku akilia.

"Bwana, hii mashine ibebe mugongo ya mume wangu! Imupumzishe kifua! Isimufukuze!"

Watu wote wakasema Amen. Directeur, mkuu wa shule, alisema Amen. Mgeni wa kampuni, aliyekuwa anaangalia saa, naye alisema Amen. Mimi sikusema, lakini sikusema kwa sababu ya ukaidi, si kwa sababu ya akili.

Mwalimu akaona mafuta yanatiririka kwenye kioo. Akatoa kile kitambaa chake mfukoni, cha kufutia tablo, akapangusa vizuri, pembeni kote, kama mtu anayefuta uso wa mtoto. Unga wa kre na mafuta vikakutana, vikawa kama ugali mwembamba, vikaingia kwenye ufa wa fremu.

Wiki ile ile kioo kikaanza wazimu. Mtu hajakigusa, nacho kinaandika. Kinachora mistari upande wa kushoto, kinafungua vitu, kinafunga. Watoto walikimbia. Mama mmoja akasema ni pepo la mgodi, mwingine akasema si pepo, ni mtu. Na mtu akatafutwa, na akapatikana haraka: mzee wa kre, aliyeonekana na wote akipaka kitu kwa kitambaa kichafu. Wivu, walisema. Hataki watoto waendelee.

Mkutano wa wazazi ukaitwa. Mwalimu akasimama mbele, hana koti siku hiyo.

Rais wa wazazi akamwuliza, "Maître, kile kitambaa kilikuwa na nini?"

"Kilikuwa na kre."

"Na ile mafuta?"

Mke wake alikuwa amekaa safu ya mbele, na kitambaa kichwani, na mikono juu ya magoti. Mwalimu akamwangalia kidogo, halafu akaangalia ukuta.

"Miye njo nilipangusa," akasema.

Niliposimama, benchi lilianguka nyuma yangu. Nikawaambia, "Muko batu ya namna gani? Mafuta ilipakwa mbele ya macho yenu, mulisema Amen shiye bote tukisikia. Kama ni kosa, ni kosa ya kanisa muzima. Mugawane!"

"Fundi, kaa chini, weye haukusoma!"

"Sikusoma, lakini niko na macho!"

Wakanizomea. Mwalimu mwenyewe alinifanyia ishara kwa kiganja, shusha, shusha, kama anavyowanyamazisha watoto. Nikaliinua benchi, nikakaa. Tulipotoka nilimgombeza njia nzima. Akasema jambo moja tu: "Alikuwa anaombea miye, Fundi. Nitamushitaki juu ya maombi?"

Fundi wa mashine akaja kutoka Lubumbashi. Alisema pembeni mwa kile kioo kuna macho madogo madogo, uchafu umeyaziba, ndiyo maana kinadhani kidole kiko pale. Akasafisha, kikapona. Lakini neno lililokwisha kusemwa mtaani halisafishwi na mtu wa Lubumbashi. Directeur, ambaye si mtu mbaya, ni mtu mwoga tu, alimwita Mwalimu ofisini akamvutia kiti. Alimwambia kwamba masomo yake yote, Mungu ashukuriwe, yamo ndani ya mashine, hivyo hakuna kitakachopotea. Mamzel atashika darasa. Yeye apumzike, atakaa pale ofisini, atunze funguo za kabati la tablette zilizokuja pamoja na kioo.

Mamzel alikuja kwangu akilia. "Papa Fundi, nilitaka kumusaidia." Najua mwanangu, nilimwambia. Wote walitaka kumsaidia.

Akatunza funguo. Nilimwona mara nyingi nikipita: amenyooka kitini, shati jeupe, lakini jeupe pande zote sawa. Umeme ukikatika, na huku kwetu unakatika kama ulivyozoea, darasa lililala gizani mbele ya kioo kilichokufa, na yeye alisikia kelele zao kupitia ukuta. Hakunyanyuka. Hakuitwa. Baadaye hata funguo alipewa mwingine, kwa sababu alikuwa anawafungulia watoto kila walipoomba.

Hapo alianza kuja karakana mchana na kukaa. Anaokota maranda, anayavuta yanyooke, anayaachia yajikunje. Kukohoa kulipungua, nami sikukufurahia. Nilipiga randa, yeye akakaa. Mimi pia nimechoka siku hizi, mabega hayanisikii, na kuchoka kwa watu wawili mahali pamoja ni kama mtu wa tatu.

Siku moja mjukuu wangu wa kike alikuwa nyuma ya karakana na telefoni ya mama yake, anajitayarisha kwa mtihani. Masomo ya kioo, kwa sababu ya umeme, Mamzel huyatuma kwa wazazi kwenye WhatsApp. Ghafla tukasikia sauti ya Mwalimu inatoka kwenye mbao: "Un demi, na un quart. Nani kubwa?" Mwalimu akainua kichwa.

Kumbe hakuwahi kujiona.

"Leta," akamwambia msichana.

Tukaangalia watatu, vichwa vimegusana. Yule wa ndani alikuwa amesimama na koti la harusi, anakata mkate uliochorwa kwenye tablo yangu, nusu na robo. Mwalimu akacheka. "Angalia ile koti! Sawa vile muchungaji anauza dawa." Mjukuu akacheka, nami nikacheka. Yule wa ndani akafuta, akaandika, akauliza kama wameelewa, darasa likajibu kwa pamoja, "Ndiyo, Maître!" akaendelea. Mwalimu akaacha kucheka.

"Rudisha kidogo."

Msichana akarudisha. Ndiyo, Maître!

"Rudisha tena. Simamisha pale. Ile mutoto ya ku mulango."

Niliinamia. Kulikuwa na msichana mdogo nyuma kabisa, karibu na mlango, nusu yake haionekani.

"Ona mikono yake chini ya banc," Mwalimu akasema. "Anahesabia na vidole. Demi haihesabiwe na vidole, Fundi. Kinywa yake inasema ndiyo, vidole yake inatafuta. Na miye pale napita. Ona vile napita! Niko naangalia telefone ya Mamzel, niko naangalia koti."

Akafinya kile kioo kidogo cha telefoni kwa kidole chake kinene, yule wa ndani akaanza tena kuongea. Akakifinya tena, yule akanyamaza.

"Mwalimu," nikamwambia, "ile ni ya mwaka uliopita. Ule mutoto amekwisha kupita classe. Iko mu secondaire."

"Amepita," akasema. "Lakini hakuelewa."

Akamwuliza mjukuu wangu kama anamjua. Anamjua, kila mtu anamjua, mama yake anauza makaa upande wa juu wa soko, nyumba yenye mlango wa bati ya bluu. Ni kilima kirefu, na jua lilikuwa katikati. Nilimwambia angoje jioni. Nilimwambia kifua chake. Alikuwa ameshasimama, anajipapasa mifuko, hana kitu ndani. Akaangalia meza yangu. Akachukua kre yangu ya kuchorea mbao, na kipande cha triplex kilichokuwa kando ya msumeno, akakipangusa kwa mkono wa shati, akakiweka kwapani, akatoka.

Kipande kile nilikuwa nimekipima kwa mlango wa kabati la mtu. Nilikata kingine.